Yaliyokuwako Kwanza

Wewe unayegusa kioo cha simu kwa kidole ukaona herufi imetokea, usijisifu. Hukuiandika wewe. Umebisha hodi tu. Aliyeiandika yuko nyuma ya kioo, magoti yanamuuma, na tangu uanze kuandika hujampa hata shikamoo.

Nyuma ya kioo kuna Nyumba. Ni ukumbi mrefu usio na dirisha, wenye mwanga ambao hakuna anayejua unaingilia wapi. Katikati umekatwa na ukuta wa kioo, na juu ya kioo imeandikwa fomu yenye visanduku tisa. Upande wa mbele watu wamepanga foleni, kila mmoja na jambo lake la kubadilisha. Upande wa nyuma wamekaa wachukuzi. Siwatu alikuwa mchukuzi. Alikuwa na miaka sitini na kitu, au alikuwa amezaliwa asubuhi ile ile. Ndani ya Nyumba hayo mawili hayagombani, maana kila kioo kinapojichora upya dunia nzima inaanza nacho, na viungo vya mwili ndivyo peke yake vinavyokumbuka umri.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtu wa mbele akichora herufi ndani ya kisanduku, kioo hakiishiki. Herufi inapenya, inaanguka upande wa nyuma kama punje ya mchele kwenye kiganja cha mchukuzi. Mchukuzi anatazama mgongo wa kisanduku, kwa kuwa kila kisanduku kimeandikwa jina lake mgongoni, pale mwenye fomu asipopaona. Akishajua herufi ni ya wapi, anainuka, anaiendea meza iliyo ndani kabisa, na juu ya meza kuna Karatasi ya Hali ya mtu yule. Karatasi hiyo ndiyo mtu. Kioo ni kivuli tu.

Na karatasi hiyo haifutwi wala haikatwi neno. Ukitaka kubadilisha chochote, hata nukta, unachukua karatasi mpya nyeupe, unanakili yote yaliyokuwemo katika ile ya zamani, kisanduku kwa kisanduku, vyote tisa. Kilicho kitupu nacho unakinakili kwa utupu wake, unakichorea mipaka na kukiacha wazi, maana kisanduku kitupu na kisanduku kisichokuwepo si ndugu. Ukimaliza hapo ndipo unapoweka badiliko. Wachukuzi walikuwa na maneno yao ya kusema chini chini wanaponakili, ili mkono usiruke: "Yaliyokuwako kwanza, kisha hili. Yaliyokuwako kwanza, kisha hili." Halafu karatasi mpya inatundikwa msumarini, kioo kinaitazama, kinajichora upya, na mtu wa mbele anaona herufi yake imekaa pale pale alipoigusa. Anatabasamu. Anadhani ameandika.

Visanduku tisa kwa ajili ya herufi moja. Mtu mwenye jina refu alikuwa akichukiwa Nyumba nzima.

Na makosa yalikuwepo. Kuna visanduku vya maneno na kuna visanduku vya tiki, ambavyo havijui kitu ila ndiyo na siyo. Mchukuzi mmoja mgeni wa kazi alikwenda kwenye kisanduku cha jina akiwa na mazoea ya tiki. Mzee wa watu aliyekuja kurekebisha jina lake akarudi kwake anaitwa Ndiyo. Mkewe akimwita anaitika, akikataa jambo hasikilizwi. Wachukuzi walicheka siku saba. Siku ya nane yule mzee alirudi akasimama mbele ya kioo, machozi yanamtoka, na hakuna aliyecheka tena.

Tangu siku hiyo Siwatu alikuwa na swali, na swali lilikuwa halimwachi hata anapokula. Mtu yuko wapi? Yuko mbele, alikosimama na viatu vyake, au yuko mezani? Kama yuko mbele, kwa nini asijiandike mwenyewe? Anagusa kioo mpaka kidole kinachubuka, na mchukuzi akiwa amesinzia kioo kinaonyesha yale yale ya jana, na yule mtu anabaki wa jana. Na kama yuko mezani, basi mwenye mtu ni nani? Ni yule anayetembea baina ya kioo na meza, ambaye hakuulizwa, hakuchaguliwa, na ambaye mkononi mwake, kwa hatua arobaini, wewe si ulivyokuwa na bado hujawa unachotaka kuwa. Hatua arobaini hizo ni za nani? Siwatu alizipita maelfu kwa maelfu. Kila mara alihisi amebeba kitu kinachopumua. Na kila mara, tuseme ukweli, alihisi utamu kidogo. Anayebeba ndiye anayeweza kuangusha.

Basi siku moja akiwa kwenye kigoda chake, alisikia sauti mbele ya kioo.

"Hodi humo ndani! Mnafanya kazi au mnasuka ukili?"

Watu wa mbele na wachukuzi wanaonana kwa ukungu tu, kama mtu anavyoonekana kwenye mvuke wa chungu, lakini sauti inapita safi. Na sauti ile alikuwa ameisikia ikijifunza kusema. Ilikuwa ya Mashavu, mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Hawakuwa wamesemezana miaka kumi na mmoja.

"Karibu," alisema Siwatu.

Mashavu naye aliijua sauti.

"Kumbe uko huku," alisema.

"Niko huku."

Siwatu alingoja. Mdogo humwamkia mkubwa, ndivyo walivyolelewa, hata mkiwa mmetoka kuvutana nywele. Alingoja shikamoo yake kama mtu anayengoja chenji. Haikuja.

"Nimehama," alisema Mashavu. "Nataka kubadilisha pahali ninapokaa. Hicho tu. Vingine usiviguse."

"Sivigusi, mdogo wangu."

"Mimi ni mtu wa foleni. Usiniite mdogo wako." Kisha akaongeza polepole, kama mtu anayetia chumvi akiionja: "Na ufanye haraka. Au haraka yako ni ya kuzikia tu?"

Wale waliokuwa nyuma yake kwenye foleni hawakuelewa. Siwatu alielewa. Mama yao, Mize binti Khatibu, alifariki alfajiri moja, miaka hiyo kumi na mmoja nyuma, na Mashavu alikuwa mbali, mwendo wa siku moja. Alituma neno: ningojeni, nimekwisha panda gari. Watu walisema maiti hangojwi. Wengine walisema siku moja si kitu, yule ni mwanawe. Wakamtazama Siwatu, mkubwa, aamue. Siwatu alikuwa amechoka, alikuwa amekesha, alitaka jambo liishe. Alisema zikeni. Mashavu alifika jioni akakuta udongo mbichi umemwagiwa maji. Hakulia. Alimuuliza dada yake jambo moja: "Uso wake ulikuwaje?" Hata Siwatu hakuutazama vizuri. Alikuwa na haraka.

Sasa Mashavu alikuwa ameinua kidole na kuanza kuchora, na herufi zilimwagika nyuma ya kioo kama mvua ya rasharasha. Mtaa wa Pili, mlango wa kijani. Siwatu alizikinga kwa upindo wa kanga. Akainuka mbio. Alitaka mdogo wake aone. Ajue kwamba haraka ile ile inaweza kumtendea mtu wema. Hatua arobaini alizifanya ishirini. Aliifikia meza, akakwapua karatasi nyeupe, akatafuta nafasi ya kisanduku cha pahali, akamimina herufi zote mara moja, Mtaa wa Pili, mlango wa kijani, zikakaa vizuri, wino unang'aa. Akaitoa karatasi ya zamani msumarini, akaiachia sakafuni, akatundika mpya.

Hakuwa amenakili.

Alijua kabla kioo hakijamaliza kujichora. Alijua jinsi unavyojua kwamba umeacha ufunguo ndani, mlango ukiwa bado unajifunga. Alirudi kwenye kioo akaona kisanduku kimoja kimeandikwa, na vinane vimepotea hata mipaka yake.

"Mashavu?" aliita.

Mtu aliyekuwa mbele hakugeuka.

"Mashavu, mimi dada yako."

"Nakaa Mtaa wa Pili," alisema yule mtu, kwa adabu.

"Jina lako nani?"

"Mlango wa kijani."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka kicheko cha puani. Mwingine aliuliza, "Mama, una watoto?" naye akajibiwa kwa upole ule ule, kwamba anakaa Mtaa wa Pili. Hapo kicheko kilikatika. Foleni nzima ilirudi nyuma hatua moja, kama watu walioona shimo. Mashavu alisimama pale na mkoba wake begani, mkono wake umeshika mkanda wa mkoba bila kujua ni mkoba wa nani. Uso wake haukuwa na huzuni. Haukuwa na kitu. Ulikuwa kama nyumba iliyohamwa, misumari imebaki ukutani.

Siwatu alimtazama mdogo wake akaona kwamba kwa mara ya pili amezika bila kumngoja, na safari hii aliyezikwa ni Mashavu mwenyewe.

Karatasi ya zamani! Alirudi mezani, akapiga magoti, akapapasa sakafuni. Hapakuwa na kitu. Sakafu ilikuwa imefagiwa.

Katika Nyumba kuna mfagiaji, Bi Kazija, mwanamke mwembamba, ufagio wake mrefu kuliko yeye. Kazi yake ni kuzoa karatasi zilizoachwa, kuzirundika mbele ya tanuri na kuzichoma. Sheria yake ni moja: kinachoshikwa na mtu hakifagii, hata kikishikwa kwa ncha ya kidole. Kisichoshikwa na mtu ni chake na moto. Siwatu alimkuta amekaa kando ya tanuri, kikombe cha kahawa mkononi, rundo la karatasi mbele yake limemfika kifuani.

"Umechoma?" aliuliza Siwatu, pumzi zimemwishia.

"Salamu kwanza haipo siku hizi?"

"Kazija, nakuomba. Umechoma?"

"Nilikuwa nakwenda kuchoma, kahawa ikaniita. Bahati yako mimi ni mvivu." Alimtazama vizuri, akaweka kikombe chini. "Umeachia ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Na wewe ulikuwa hukuishika."

"Sikuishika."

"Basi chimba, mwanangu. Mimi nitapumzika zaidi kidogo. Nikiulizwa nitasema mgongo."

Siwatu alichimba. Lilikuwa rundo la watu kama walivyokuwa kabla ya herufi moja. Hapa mtu ambaye bado hajaoa, hapa yule yule ambaye ameoa herufi tatu za mke. Mzee Ndiyo kabla hajawa Ndiyo, jina lake zima limetulia kwenye kisanduku chake, halijui linalolijia. Siwatu aliwapita wengine, na mmoja alikuwa yeye mwenyewe, sijui wa lini, ameandika anachokiogopa: kuchelewa. Akajiweka kando. Wakati ulikuwa umelala ndani ya rundo lile kama nguo zilizokunjwa, na kila nguo ilikuwa imewahi kumkaa mtu. Wanasema yaliyopita yamepita. Hayapiti. Yanaachiwa tu. Yapo pale pale chini ya meza mpaka ufagio uje, na anayeyashika anayo.

Aliitambua kwa jina la mama. Mize binti Khatibu, kisanduku cha pili. Aliishika kwa mikono miwili, akakaa chini palepale kwenye majivu, akaanza kuisoma, maana huwezi kunakili usichokisoma.

Jina, Mashavu. Kazi, ushonaji. Mwana mmoja wa kike, Zubeda, na mbele ya jina alama ndogo iliyoandikwa kwa tabasamu, unaiona. Chakula ninachokipenda, muhogo wa nazi, ule wa kwetu. Siwatu alicheka kidogo na pua ikamjaa. Kisanduku cha nane kiliuliza: Niliyemzika. Kilikuwa kitupu. Si kwamba Mashavu alisahau kukijaza. Mtu alikuwa amekigusa mara nyingi, kingo zake zilikuwa zimefifia kwa kuguswa, na kila mara hakuandika, kwa sababu hakumzika. Alizikiwa.

Na cha tisa. Nisiyemsamehe: Siwatu.

Alikaa pale na karatasi. Bi Kazija alimaliza kahawa, akageuza kikombe, akachungulia juu ya bega lake.

"Mbona umesimama?"

"Nimekaa."

"Mkono umesimama." Bi Kazija alishusha sauti. "Vinane ni vingi. Mtu mwenye vinane ni mtu mzima, anakula, anashona, anamjua mwanawe. Ukiruka kimoja nani atajua? Mimi usiniogope. Mimi nilitolewa darasa la nne, nafagia tu, sisomi."

"Umesoma sasa hivi."

"Nimesoma jina lako. Hilo nalijua kwa umbo."

Basi kuruka.

Kuruka ni rahisi. Mkono unafika cha nane, unapumzika, unaweka kalamu chini. Atarudi Mashavu. Ataniamkia. Shikamoo dada. Tutakula muhogo. Ataniuliza mama alifarikije nami nitamsimulia, naye atanishika mkono, hatajua kwa nini kulikuwa na miaka kumi na mmoja, atadhani ni barabara, ni kazi, ni maisha. Nani ataumia? Hakuna. Hakuna hata mmoja.

Isipokuwa yule anayekijua kisanduku cha nane kwa kukigusa kila siku. Yule aliyesimama mbele ya udongo mbichi akauliza uso ulikuwaje. Huyo atakwenda wapi? Nikimruka, nani atamshika? Atakuwa ameachiwa sakafuni. Na mwanamke atakayeniamkia, mwenye vinane, mpole, nitamwita nani?

Nimekuwa nikiuliza mtu yuko wapi. Yuko mbele, yuko mezani. Labda yuko kwenye kile ambacho mchukuzi angependa kukiruka.

Siwatu aliinuka. Alirudi mezani, ile ya zamani ameibana kwapani, maandishi nje, ili ufagio usiipate, akatandaza karatasi nyeupe. "Yaliyokuwako kwanza," alisema, kwa sauti, na wachukuzi wengine waligeuka. Alinakili polepole kuliko siku yoyote ya maisha yake. Jina. Mama. Pahali alikiacha kwanza kama kilivyokuwa, pa zamani. Zubeda na alama yake ya tabasamu. Muhogo wa nazi. Alikichora cha nane kwa utupu wake, mstari kwa mstari, kama mtu anayefukua badala ya kufukia. Kisha cha tisa. Aliandika jina lake mwenyewe, herufi sita, kila moja imesimama sawasawa, hakuipunguza wino hata moja. "Kisha hili," akasema, akabadilisha pahali: Mtaa wa Pili, mlango wa kijani. Akatundika.

Kioo kilijichora. Upande wa mbele mwanamke alivuta pumzi kama aliyetolewa majini, akaushika mkoba wake, akaujua. Halafu akainua uso kutazama upande wa nyuma, na ndani ya ukungu ule Siwatu aliyaona macho ya miaka kumi na mmoja, yamekunjwa, makali, hayajasamehe. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

"Umenifanya nini, wewe?" alisema Mashavu.

"Nilikuwa na haraka."

"Kama kawaida yako."

"Kama kawaida yangu."

Mashavu aliukaza mkanda wa mkoba. Kwenye foleni hakuna aliyesema twende basi. "Nilikuwa pahali," alisema mwishowe, "sina mtu ninayemkasirikia. Hata mmoja. Unajua pakoje?"

"Pakoje?"

"Baridi. Nakuapia, pana baridi kama sakafu." Alisogeza uso karibu na kioo, akasoma visanduku vyake kimoja kimoja mpaka wa mwisho. "Hiki cha tisa. Umekiandika wewe kwa mkono wako."

"Mimi."

"Ungeweza kukiruka."

"Ningeweza."

"Na hukukiruka."

"Ingekuwa nimeongea na mlango wa kijani mpaka kufa kwangu."

Kitu kiliguna kooni mwa Mashavu, ambacho kingekuwa kicheko kama kingepewa ruhusa. Aliinua kidole. Akakipeleka kwenye kisanduku cha tisa, mwishoni kabisa mwa jina, akagusa mara moja, kama mtu anayetoa chawa. Kisha akakirudisha kidole kwenye mkanda wa mkoba.

Kilichoanguka kwenye kiganja cha Siwatu hakikuwa herufi. Kilikuwa pengo la herufi, jepesi, na moto kidogo. Alitembea nalo hatua arobaini, zote arobaini. Akachukua karatasi nyeupe. Yaliyokuwako kwanza: jina, mama, mlango wa kijani, Zubeda, muhogo, utupu wa nane, vyote, hakuna alichokionea uvivu. Kisha hili. Akatundika, na kioo kikajichora, na katika kisanduku cha tisa ikasomeka: Siwat.

"Moja," alisema Mashavu. "Nyingine nikija tena."

"Utakuja lini?"

"Mimi sina haraka."

"Na shikamoo yangu?"

"Zikiisha." Akageuka, foleni ikampisha, na ukungu ukamchukua kuanzia miguuni, mkoba ukawa wa mwisho.

Siwatu alisimama akihesabu kwa vidole. Zilibaki tano. Nyuma yake alisikia ufagio ukija, shwaa, shwaa, kisha ukasimama. Bi Kazija alikuwa akiangalia karatasi mbili alizokuwa nazo kwapani, ile aliyoifukua na ile aliyoitundua sasa hivi, zote mbili na jina la Siwatu zima.

"Hizo unazishika?"

Siwatu alizitazama. Akazitoa kwapani, akainama kwa magoti yake mabaya, na akaziweka chini taratibu.

"Fagia," alisema.